Gari la Waya na Mtoto wa Gunzi

Bibi mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao lisilofunguliwa ovyo. Likizo moja ya mwaka 1978, mimi nikiwa na miaka 8, alilivuta akitafuta karatasi za shamba, nikachungulia. Katikati ya kanga zilizokunjwa kulikuwa na kitu cha mti, urefu wake kama kiganja changu, cheusi, kinang'aa kama kilichopakwa mafuta jana yake. Hakikuwa na mikono wala miguu. Kilikuwa na kichwa chenye vishungi viwili, matiti mawili madogo na kitovu, na kiunoni kimefungwa ushanga mweupe. Nikanyoosha mkono. Bibi akanipiga vidoleni, si kwa kuumiza, akasema, “Huyo si wa kuchezea. Huyo mwana hiti.”

Wageni wengi walioandika juu ya kitu kile wamekiita mwanasesere. Leo mwana hiti wamejaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na hata huko jina hilo linawafuata. Bibi angekasirika. Kwa Wazaramo, na kwa majirani zao Wakwere, Wakutu, Wadoe na Waluguru, mwana hiti alikabidhiwa msichana aliyevunja ungo. Akishawekwa ndani, mwali alikuwa na kazi ya kumlea: kumwogesha, kumpaka mafuta ya nyonyo, kumvisha shanga, kulala naye. Pale ambapo wa mti hakupatikana, alitengenezwa wa kibuyu au wa gunzi la muhindi. Umbo lake lile lile lilichongwa kwenye viti vya heshima, kwenye fimbo, kwenye mazeze na kwenye nguzo za makaburi. Marja-Liisa Swantz, msomi wa Kifini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, alichapisha kitabu juu ya mila na alama zao mwaka 1970, na humo anaonyesha jinsi mwali, uzazi na ukoo mzima vilivyofungamanishwa. Kitu cha namna hiyo hakiachwi uwanjani kinyeshewe mvua.

Bibi aliwekwa ndani zama za Mwingereza, kwa hesabu zangu karibu na mwaka 1932. Alikaa misimu miwili ya mpunga bila kuonwa na mwanamume, ngozi yake ikapauka kwa kukosa jua, akatoka moja kwa moja kwenda kwa mume ambaye hakumchagua. Sisemi kwamba mambo yale yalikuwa mazuri. Alipokuwa akinisimulia habari za giza la chumba kile, sauti yake ilikuwa inashuka, na alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa. Lakini kuna jambo nimelifikiria miaka mingi. Mwana hiti alikuja na watu. Alikuja na shangazi, na kungwi, na nyimbo, na maneno ya kufafanua kila kitu. Aliyekuambia kwamba kazi yako hapa duniani ni kuzaa na kulea alikaa mbele yako, ukamjua jina, na ukiwa na ujasiri ungeweza kumuuliza. Na muda wake ukiisha, mwana hiti alirudi alikotoka, akamsubiri mwali mwingine wa ukoo.

Mama yangu naye aliwekwa ndani, lakini wiki mbili tu, wakati wa likizo, kwa sababu alikuwa anasoma. Mimi sikuwekwa kabisa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto aende shule ya msingi, na ifikapo mwaka 1977 kampeni hiyo ilikuwa imefika kila mtaa. Mwalimu mkuu alikuwa anapita na daftari nyumba kwa nyumba. Nilipovunja ungo nilipewa jioni moja na shangazi, chai, mikate ya kumimina na maneno machache ya haraka haraka. Sanduku la Bibi halikufunguliwa.

Sasa nije kwenye vitu vya kuchezea vyenyewe, maana hivyo havikungoja mtu avunje ungo.

Tulikaa Buguruni, Dar es Salaam. Mchezo wetu wasichana ulikuwa kujipikilisha. Vifuu vya nazi ndiyo sufuria, mchanga ndiyo wali, majani ya mchicha-pori ndiyo mboga. Mtoto wangu alikuwa hindi bichi ambalo Mama alinipa kabla hajalichoma: nywele zake laini za rangi ya asali nilizisuka mistari mitatu, nikamfunga kipande cha kanga, nikambeba mgongoni. Akikauka nywele zinakatika, ndipo unaanza na gunzi tupu na kitambaa. Nilimpenda, wala sitamsema vibaya. Nilijifunza kufunga mtoto mgongoni asianguke kabla sijajua kuandika jina langu, na miaka 15 baadaye, usiku wa kwanza na mtoto wa kweli, mikono ilikumbuka.

Wavulana walikuwa na gari la waya.

Ningependa nieleze linavyotengenezwa, kwa sababu watoto wa leo wanalijua kwa picha tu. Waya mnene unatoka kwenye fensi iliyochoka au kwenye henga za nguo. Unaunyoosha kwa kuugonga jiwe juu ya jiwe, polepole, huku unauzungusha. Ukigonga upande mmoja tu unapinda upande wa pili. Magurudumu unayakata kwa wembe kwenye soli ya kandambili iliyokatika, mdomo wa kopo ukiwa kipimo, ili yote manne yalingane. Unayatoboa kwa msumari uliopashwa moto, na tundu likikosea kidogo tu, gari litachechemea maisha yake yote. Kati ya gurudumu na bodi unaweka kipande cha mrija wa kalamu, ili visisuguane. Ekseli ya nyuma unaikaza. Ya mbele usiikaze, kwa maana hapo ndipo usukani unapofungwa, waya mrefu wa kukufika kiunoni, kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Ukikaza mno, gari halikati kona. Ukilegeza mno, linayumba kama mlevi. Kupata katikati yake ni kazi ya asubuhi nzima.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa ametengeneza Ikarus, yale mabasi marefu ya shirika la usafiri la UDA yaliyoungwa katikati, watu wakiyaita kumbakumba. Lake lilikuwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa tyubu, na kwenye kona mkia ulifuata kichwa vizuri kabisa. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Katika mchezo wetu wa kujipikilisha yeye ndiye alikuwa baba. Baba alikula wali wa mchanga haraka haraka, akashika usukani, akaenda “kazini”. Kazini kulikuwa mbali: wavulana walishuka mpaka kwenye reli, wakavuka, wakaenda kutazama malori ya Leyland na Scania yakipakia. Walirudi jioni wakiwa na habari. Sisi tulikuwa chini ya mwembe ule ule, tumefagia, tumepika, tumeogesha watoto, tumefagia tena.

Siku moja ya mwaka 1980 ekseli ya mbele ya Ikarus ilikatika. Kaka akalitupa uvunguni akaenda madrasa. Nilikuwa nimemwangalia mara nyingi sana, nikiwa nimejifanya nachambua mchele. Nikalitoa. Nilinyoosha waya mpya, nikaukunja ncha kwa meno kwa sababu plaizi ilikuwa imefungiwa kabatini, nikafunga tyubu, nikajaribu, nikalegeza, nikajaribu tena. Likakata kona. Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Nililiendesha mpaka mwisho wa uchochoro, nikapita barabara ya vumbi, nikafika kwenye reli, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika peke yangu, na nyuma yangu kulikuwa na alama za magurudumu manane, zote zangu.

Mama alinikuta njiani nikirudi. Hakunipiga. Alinishika mkono kwa upole, akalichukua gari akalikabidhi kwa kaka aliyekuwa ametoka madrasa, kisha akaniwekea gunzi langu mikononi na kusema, “Haya, rudi nyumbani. Mtoto wako analia.”

Majirani waliniita jike dume kwa wiki mbili au tatu, halafu wakasahau. Hilo halikuniuma sana. Lililonikaa ni maneno ya Mama, kwa kuwa yalisemwa kwa mapenzi. Alikuwa ananirudisha mahali ambapo yeye mwenyewe alirudishwa. Tangu siku hiyo nikawa naelewa kwamba gunzi lile lilikuwa na kamba, na kamba ilikuwa na urefu wake.

Sekondari ndiko nilikopata kuona hasara yake. Mwalimu wa fizikia alichora ubaoni gurudumu na ekseli, akauliza nguvu inapita wapi. Wavulana nusu ya darasa walinyoosha mikono kabla hajamaliza. Hawakuwa wamesoma kitabu, walikuwa wamekata kandambili. Upande wetu ulikuwa kimya. Niliyekaa naye dawati moja, msichana aliyekuwa akiongoza kwa Kiswahili na historia, alinukuu mchoro ule kama mtu anayenukuu hati za kigeni, mstari kwa mstari, bila kujua kipi kinazunguka na kipi kimesimama. Mimi nilinyoosha mkono nikapata. Mwalimu akasema mbele ya wote kwamba leo kuna miujiza. Hakuna mwaka niliofundisha bila kumkumbuka yule mwenzangu. Akili alikuwa nazo kuliko mimi. Hakuwa amewahi kupewa waya.

Watafiti wa makuzi ya watoto wameshaeleza jambo hili kwa lugha yao: mtoto anayejenga, anayeunga vipande na kuvigeuza, anajizoeza kuona maumbo akilini, na mazoezi hayo yanamfaa baadaye kwenye hesabu na ufundi. Mimi nilihitaji siku moja tu kwenye darasa lile.

Midoli ya dukani utotoni mwetu ilikuwa adimu. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipangiwa foleni, nani angeagiza vitu vya watoto? Mtaani kwetu kulikuwa na mdoli mmoja wa plastiki, wa binti wa jirani ambaye baba yake alikuwa baharia. Alikuwa na nywele za njano na macho yanayofumba akilazwa. Tulimshika kwa zamu, mikono ikiwa imenawa.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi, na kuanzia hapo maduka yakaanza kujaa. Mitumba ikaja kwa mabelo, na ndani ya mabelo midoli iliyochoka ya watoto wa Ulaya na Marekani. Nimeishi muda mrefu bila kujua kwamba mwaka ule ule wa 1984, huko Marekani, mamlaka inayosimamia utangazaji iliondoa masharti yaliyozuia vipindi vya watoto vya televisheni kugeuzwa matangazo ya biashara. Kampuni za vitu vya kuchezea zikaanza kutengeneza katuni zao, za wavulana kivyake na za wasichana kivyake, kila moja na bidhaa zake dukani. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yamelegea. Elizabeth Sweet, mwanasosholojia aliyepekua katalogi za zamani za duka la Sears, alikuta kwamba ile ya mwaka 1975 ilikuwa na vitu chini ya asilimia 2 vilivyotangazwa wazi kuwa vya wavulana au vya wasichana. Na waridi yenyewe, rangi tunayodhani ilizaliwa na wasichana, mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani lilikuwa linaishauri kwa wavulana.

Kwa hiyo mlango wetu na mlango wao ulifunguliwa mwaka mmoja. Tulipoanza kununua, tulipokea mzigo uliokuwa umekwisha kugawanywa, tukadhani ndivyo ulivyo tangu Hawa na Adamu.

Barbie nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye belo la mitumba, bila kiatu. Historia yake inasikitisha kwa jinsi ilivyoanza. Ruth Handler, aliyeanzisha kampuni ya Mattel pamoja na mumewe, alimwangalia binti yake Barbara akichezea wanasesere wa karatasi na kuwapa maisha ya watu wazima, akaona kwamba msichana hapaswi kupewa mtoto mchanga tu wa kulea. Apewe pia mtu mzima wa kuotea. Barbie alionyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959. Wazo lile lilikuwa la kumkata msichana kamba ya gunzi. Kisha likaja na kamba nyingine. Mwaka 1965 seti moja ya Barbie ilikuwa na mizani ya kupima uzito iliyokwama paundi 110, ambazo ni kama kilo 50, na kijitabu cha kupungua kilichoshauri usile. Mwaka 1992 akatoka Barbie anayezungumza, na miongoni mwa maneno yake kulikuwa na kulalamika kwamba hesabu ni ngumu. Chama cha wanawake waliohitimu vyuo vikuu huko Marekani kikapinga, na kampuni ikayaondoa.

Mwaka ule wa 1992 nilikuwa na mwaka wangu wa pili kazini. Wasichana wangu wa darasa la tatu hawakuwa na mdoli wa kuwaambia hesabu ni ngumu. Walikuwa wanayasema wenyewe, kwa sauti ile ile ya deko, na mama zao waliniambia mlangoni, mbele yao, “Huyu hesabu haziwezi, kama mimi.”

Kuna utafiti mmoja naurudia kila nikikaa na walimu wadogo. Mwaka 2014 Aurora Sherman na Eileen Zurbriggen walichapisha walichokiona kwa wasichana 37 wa miaka 4 hadi 7 huko Marekani. Wengine walicheza na Barbie kwa dakika 5, wengine na Mama Kiazi, mdoli wa umbo la kiazi asiye na kiuno. Kisha wakaulizwa juu ya kazi 10: ipi wewe unaweza kuifanya ukikua, ipi mvulana anaweza. Waliocheza na kiazi walijiona wanaweza karibu sawa na wavulana. Waliocheza na Barbie walijipunguzia kazi, na haikujalisha Barbie alivaa nguo za urembo au koti la daktari. Dakika 5. Mimi nilibeba gunzi miaka minne.

Wapo waliojaribu kutengeneza mdoli wa kwetu, na nawashukuru: Barbie mweusi aliyebuniwa na Kitty Black Perkins mwaka 1980, Queens of Africa wa Taofick Okoya wa Nigeria, na Fulla wa mwaka 2003 mwenye hijabu, ambaye jamaa wa Ghuba wamewaletea watoto wengi Unguja. Msichana kuona sura yake ni haki yake. Lakini hata hao wanakuja na kitana, mkoba na nguo za kubadilisha.

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kununulia darasa langu vitu vya kuchezea kwa mchango wa wazazi. Meza moja ilikuwa imegawanywa kama kwa kisu. Kulia waridi: majiko, pasi, vioo, vipodozi, kabeji za plastiki. Kushoto bluu: magari, matofali ya kujengea, bunduki, bisibisi. Kijana wa meza akanikaribisha vizuri.

“Karibu mama. Wa kike au wa kiume?”

“Watoto wa miaka 5,” nikasema.

“Sawa mama, ila wa kike au wa kiume?”

“Wamechanganyika.”

Akasita, akaangalia meza yake pande zote mbili, kwa kweli akitaka kunisaidia. Halafu akaniambia, “Basi chukua nusu huku, nusu huku.” Nilitamani kumuuliza nani alipanga hivi. Angejibu kwamba mzigo unakuja hivyo. Bibi alikuwa na shangazi wa kumuuliza.

Sikununua. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kilo mbili za waya laini na plaizi ndogo sita, na nyumbani nikakusanya kandambili kuukuu na magunzi. Ijumaa vyote vinamwagwa kwenye mkeka, bila mpangilio. Wavulana wawili wanapenda kubeba magunzi na siwazuii. Mmoja anajua kubembeleza kuliko mimi. Magurudumu nakata mwenyewe, wembe siwapi.

Mwezi uliopita msichana mmoja, mpole, asiyezungumza sana, alikaa na waya wake Ijumaa tatu mfululizo. Ijumaa ya nne gari likasimama: bodi, magurudumu manne, usukani. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo. Mama yake alipokuja kumchukua aliiona mikwaruzo kwanza, akamshika mikono, akanigeukia kwa ukali, “Mwalimu, mwanangu amefanywa nini?” Mtoto akaficha gari nyuma ya sketi.

Nilimwambia, “Mwonyeshe mama.”

Alilitoa. Mama akalipokea, akaligeuza juu chini, akazungusha gurudumu moja kwa kidole. Likachechemea. Akachutama pale pale mlangoni, mkoba umeanguka begani, akalizungusha tena.

“Tundu limekaa pembeni,” akasema. “Unapasha msumari kwanza, ndiyo unatoboa katikati.”

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Kaka zangu walikuwa nayo,” akasema, macho yako kwenye gurudumu. “Nilikuwa nawaangalia.”